Mzee naye ni mnunuzi

Katika nchi ya Marekani kuna siku moja ambayo mtu hufa mbele ya macho ya wafanyabiashara, ilhali yu hai, anakula, anavaa, analipa kodi na kuwatunza wajukuu zake. Siku hiyo ni ile anayotimiza umri wa miaka 50. Hadi jana yake alikuwa akihesabiwa, akibembelezwa na kuimbiwa nyimbo za sabuni na za magari. Kesho yake jina lake limefutwa katika daftari. Kwa miongo mingi bei ya tangazo la televisheni huko imekuwa ikipangwa kwa kutazama ni watu wangapi wa umri wa miaka 18 hadi 49 walioketi mbele ya kioo. Aliyevuka mpaka huo huhesabiwa kuwa ni nyongeza tu: akitazama ni sawa, asipotazama pia ni sawa.

Je, imani hiyo ni ya haki, na je, hata kwa hesabu za biashara peke yake, ni ya akili? Swali hili laweza kudhaniwa kuwa ni la wachuuzi, lisilomhusu mwalimu wala mtumishi wa serikali. Sivyo hata kidogo. Mahali ambapo matangazo ya biashara ndiyo yanayolipia gazeti, redio na televisheni, mtu anayeonekana hafai kutangaziwa huonekana pia hafai kuandikiwa, kuchezewa michezo, wala kuelezwa habari zinazomhusu. Swali la nani anunuliwe na matangazo ni swali la nani asikilizwe katika taifa.

Yafaa kwanza kueleza imani hii ilikotoka, kwa maana wengi huichukulia kama sheria ya maumbile. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na mashirika makubwa matatu ya televisheni: CBS, NBC na ABC. Kati ya hayo, ABC, chini ya Bw. Leonard Goldenson, ndilo lililokuwa dhaifu. Vituo vilivyopokea vipindi vyake vilikuwa vichache, na katika hesabu ya nyumba zote liliachwa nyuma na wenzake. Mwenye duka dogo asiyeweza kushindana kwa wingi wa bidhaa hutafuta namna nyingine ya kusifu alichonacho. ABC likawaambia wenye viwanda kwamba wasihesabu vichwa tu, bali waangalie ni vichwa vya nani. Watazamaji wake, likasema, ni familia changa zenye watoto, watu wanaoanza maisha, wanaonunua jokofu la kwanza na gari la kwanza. Hoja ya mnyonge aliyekuwa akitafuta riziki ikageuka, baada ya miaka michache, kuwa msahafu wa biashara nzima.

Matunda yake yalionekana wazi kati ya mwaka 1970 na 1971. Shirika la CBS lilikuwa na vipindi vilivyopendwa na mamilioni ya watu, hasa wazee na watu wa mashamba. Kimojawapo, The Beverly Hillbillies, kilikuwa kimeongoza nchi nzima kwa wingi wa watazamaji katika misimu yake miwili ya kwanza, tangu mwaka 1962. Bw. Ed Sullivan alikuwa akiingia katika nyumba za Wamarekani kila Jumapili usiku tangu mwaka 1948. Mchekeshaji Red Skelton alikuwa bado miongoni mwa watu kumi waliotazamwa zaidi. Wakubwa wa CBS wakavifyeka vipindi hivyo kimoja baada ya kingine. Havikufyekwa kwa kukosa watazamaji. Vilifyekwa kwa sababu watazamaji wake walikuwa na mvi, na wengi wao waliishi mbali na miji mikubwa. ABC nalo halikubaki nyuma. Mwaka 1971 lilimtoa kiongozi wa bendi Lawrence Welk, aliyekuwa akipiga muziki wa kizamani tangu mwaka 1955.

Haki inadai isemwe kwamba CBS halikupata hasara. Kipindi chake kipya, All in the Family, kilichoanza Januari 1971, kiliongoza nchi nzima kwa misimu mitano, na kilizungumzia ubaguzi wa rangi na vita vya Vietnam kwa ujasiri ambao vipindi vya zamani havikuwa nao. Lakini habari ya Bw. Welk nayo isisahaulike. Baada ya kufukuzwa hakwenda nyumbani kulala. Alikiuza kipindi chake mwenyewe kwa vituo vya mikoani, kituo kimoja kimoja, na kikaendelea hadi mwaka 1982. Watazamaji waliotangazwa kuwa hawana thamani walimlisha yeye na bendi yake kwa miaka mingine kumi na moja.

Miaka zaidi ya 20 baadaye jambo hilo lilijirudia. Kipindi cha Murder, She Wrote, ambamo Bibi Angela Lansbury alicheza nafasi ya mwandishi mtu mzima anayefichua wauaji, kilianza CBS mwaka 1984, na hata katika msimu wa 1994 hadi 1995 kilikuwa bado miongoni mwa vipindi kumi vya mbele. Wakati huohuo ABC lilionyesha kipindi kingine, Lois & Clark, kilichokuwa na watazamaji wachache zaidi lakini vijana zaidi. Nusu dakika ya tangazo katika kipindi hiki cha vijana iliuzwa kwa kiasi cha dola 132,000, na katika kile cha Bibi Lansbury kwa kiasi cha dola 116,000. Wengi waliuzwa kwa bei ndogo, wachache kwa bei kubwa. Mwaka 1995 kipindi hicho kikaondolewa siku yake ya Jumapili na kupelekwa Alhamisi kupambana na Friends, kipenzi cha vijana. Mwaka 1996 kikafungwa.

Wenye matangazo wana hoja zao, na hoja hazijibiwi kwa kejeli. Ya kwanza ni kwamba kijana bado hajachagua. Akizoezwa sabuni fulani akiwa na miaka 20, huenda akaitumia kwa miaka 50. Mzee amekwisha chagua zamani, na kumbadili ni kazi bure. Ya pili ni kwamba kijana ni adimu. Hakai nyumbani, hatazami sana, na kila kilicho adimu hupanda bei. Mzee hutazama saa nyingi kila siku, hivyo tangazo humfikia hata pasipo kutafutwa. Ya tatu ni ya fahari: kampuni huogopa kwamba bidhaa ikionekana mikononi mwa wazee, vijana wataikimbia.

Hoja hizi zilikuwa na uzito fulani wakati zilipotungwa. Leo zimechakaa, na sababu ya kuchakaa kwake ni hesabu. Kati ya mwaka 1946 na 1964 walizaliwa Marekani watoto wapatao milioni 76, wale waliofuata baada ya Vita Kuu ya Pili. Hao ndio waliokuwa vijana wakati CBS lilipokuwa likifyeka vipindi vya wazee ili kuwapendeza. Ilipofika mwisho wa mwaka 2024, hapana hata mmoja wao aliyebaki chini ya umri wa miaka 60. Takwimu za Benki Kuu ya nchi hiyo zinaonyesha kwamba kizazi hicho peke yake kinashikilia takribani nusu ya mali yote ya kaya za Marekani: nyumba, hisa, akiba na biashara. Mfanyabiashara anayewapa kisogo watu hao ni kama mvuvi anayetupa nyavu mahali palipo na makelele, na kupaacha palipo na samaki.

Nchini Japani hali imekwenda mbele zaidi. Takribani watu 29 katika kila 100 wana umri wa miaka 65 au zaidi. Huko hakuna tena ubishi kama mzee ni mnunuzi. Ubishi ni nani atamfikia kwanza. Kampuni ya simu ya NTT DoCoMo imeuza mamilioni ya simu za Raku-Raku, zenye vitufe vikubwa na maandishi yanayosomeka bila kukunja uso. Mwaka 2024 kampuni ya Oji ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza nepi za watoto kwa ajili ya soko la Japani, na kutia nguvu zake katika nepi za watu wazima. Habari hiyo yaweza kuchekesha kwa mara ya kwanza, lakini aliyewahi kumuuguza mzazi wake nyumbani hatacheka.

Ama dai kwamba mzee habadiliki, hilo linakanushwa na maisha yenyewe. Mtu anayestaafu hubadili karibu kila kitu. Hubadili ratiba ya siku, mahali pa kuishi, chakula anachoruhusiwa na daktari, na namna ya kutumia fedha. Mwaka 1951 mwenye hoteli mmoja wa mji wa Folkestone, Uingereza, Bw. Sidney De Haan, alikuwa na tatizo linalowajua wenye hoteli wote wa pwani: kiangazi vyumba hujaa, na msimu ukiisha hubaki vitupu. Akajiuliza ni nani asiyefungwa na likizo za shule wala za kiwandani. Jibu lilikuwa ni wastaafu. Akawapa mapumziko ya bei nafuu pamoja na nauli ya gari moshi. Kutokana na vyumba hivyo vitupu ilizaliwa kampuni ya Saga, iliyokuja kuuza bima, safari za meli na jarida lake yenyewe, na ambayo mwaka 2014 iliingia katika soko la hisa la London. Bw. De Haan hakuwa na elimu ya siri. Aliona tu watu ambao wenzake walikuwa wakiwapita barabarani.

Lakini mfano unaowagusa zaidi walimu ni ule wa Bibi Ethel Percy Andrus. Huyu alikuwa mkuu wa shule ya sekondari huko Los Angeles, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika jimbo la California. Baada ya kustaafu alianza kufuatilia hali za walimu wenzake. Inasimuliwa katika historia ya chama alichokianzisha kwamba siku moja alikwenda kumtafuta mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke aliyekuwa akiheshimiwa sana, akamkuta anaishi katika banda la kuku kwa sababu pensheni yake haikumtosha kupanga chumba. Mwaka 1947 Bibi Andrus akaunda chama cha kitaifa cha walimu wastaafu. Shida yao kubwa ilikuwa bima ya afya. Alibisha hodi katika milango ya makampuni mengi ya bima na kila mlango akajibiwa kwamba wazee ni hasara. Katikati ya miaka ya 1950 wakala mmoja wa bima, Bw. Leonard Davis, ndiye aliyekubali kujaribu. Jaribio likafaulu, na mwaka 1958 mlango ukafunguliwa kwa wastaafu wote, si walimu peke yao. Ndivyo kilivyozaliwa chama cha AARP, ambacho leo kina wanachama wapatao milioni 38 na ambacho jarida lake limekuwa miongoni mwa majarida yenye nakala nyingi kuliko yote Marekani. Hao ndio walioambiwa kwamba hawafai hata kuuziwa bima.

Hata hivyo, habari hiyo ina upande wa pili, na mwandishi mwaminifu hawezi kuuficha. Bw. Davis alianzisha kampuni yake ya bima, Colonial Penn, akatajirika kwa kuwauzia wanachama wa AARP. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakosoaji walianza kuuliza kama chama kinawatumikia wazee, au kinamtumikia muuza bima aliyekwisha kuketi ndani yake. Lawama zikazidi hata uhusiano huo ukavunjwa. Funzo lililopo ni zito. Kupuuzwa na mfanyabiashara ni ubaya mmoja. Kukumbatiwa naye pasipo mlinzi ni ubaya wa pili.

Ubaya huo wa pili unaonekana hata leo. Anayetazama taarifa ya habari ya jioni katika televisheni za Marekani huona mfuatano wa matangazo ya dawa za moyo, za sukari, za viungo na za kusahau. Marekani na New Zealand ndizo nchi zinazoruhusu dawa zinazotolewa kwa cheti cha daktari zitangazwe moja kwa moja kwa mgonjwa. Huko mzee hakusahauliwa tena. Amekumbukwa, lakini amekumbukwa kama ugonjwa. Nyuma ya wenye makampuni halali hufuata matapeli, ambao walitambua zamani kuliko wataalamu wote wa biashara kwamba mstaafu ana akiba, ana upweke, na ana adabu ya kutomkatia mtu simu.

Kwa hiyo yapasa kutofautisha kati ya kumlenga mzee na kumheshimu. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Heinz iligundua kwamba baadhi ya wazee wasio na meno mazuri walikuwa wakinunua vyakula vya makopo vya watoto wachanga. Ikatengeneza chakula laini kwa ajili ya wazee, ikakiandika hivyo hivyo, na kukipeleka madukani. Hakikununuliwa. Bibi aliyekuwa akichukua kopo la mtoto aliweza kumwambia mwenye duka kwamba ni la mjukuu. Kopo lililoandikwa uzee lilimvua nguo mbele za watu. Wataalamu walikuwa wamelijua tumbo lake, lakini hawakuijua heshima yake. Tofauti na hao, kampuni ya vipodozi ya L'Oréal ilimchukua mwigizaji Helen Mirren mwaka 2014, akiwa na miaka 69, ikamwonyesha na mikunjo yake, akitembea na kucheka kama mwanamke anayejua anachotaka. Waswahili walikwisha lisema hilo pasipo kufanya utafiti: ng'ombe hazeeki maini.

Pia lisisahaulike kwamba neno mzee linafunika watu wengi mno. Aliyetimiza miaka 50 huenda ana watoto shuleni na mkopo wa nyumba. Mwenye miaka 90 huenda anahitaji mtu wa kumnyanyua kitandani. Na wastani wa mali hudanganya. Nusu ya utajiri wa Marekani kuwa mikononi mwa kizazi kimoja hakumaanishi kwamba kila mmoja wao ana kitu. Kati yao wapo wenye visiwa, na wapo wanaokata kidonge vipande viwili ili kimalize mwezi. Mwenye tangazo humtafuta yule wa kwanza. Yule wa pili hatafutwi na mtu, awe kijana au mzee, na soko peke yake halitamtafuta kamwe.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Ikiwa thamani ya mtu katika redio na televisheni inapimwa kwa fedha anazotarajiwa kutumia, basi ushindi wa wazee matajiri hautakuwa ushindi wa wazee. Utakuwa ni kubadilishana zamu tu: jana alifukuzwa mwenye mvi, kesho atafukuzwa kijana asiye na kazi. Ndiyo sababu nchi nyingi ziliamua kwamba angalau chombo kimoja cha utangazaji kilipiwe na umma na kimtumikie kila mtu. Uingereza ilifanya hivyo kwa BBC, linaloendeshwa kwa ada ya kila nyumba. Hata huko haikuwa rahisi. Tangu mwaka 2000 wenye miaka zaidi ya 75 walisamehewa ada hiyo. Mwaka 2020 msamaha ukabakizwa kwa wale wanaopokea msaada wa kipato, na malalamiko yakawa mengi. Lakini ubishi uliokuwapo ulikuwa wa haki na wajibu, ambao raia wote waliweza kuushiriki. Haukuwa ubishi wa bei ya nusu dakika, unaomalizwa na watu watatu katika chumba kilichofungwa.

Kwa msomaji wa Tanzania, mambo haya hayako mbali kama yanavyoonekana. Ni kweli kwamba taifa hili ni la vijana, na hesabu ya Japani haiwezi kunakiliwa hapa. Lakini sheria humtaka mtumishi wa umma astaafu kwa lazima atimizapo miaka 60, na humruhusu kustaafu kwa hiari tangu miaka 55. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake, mwalimu aliyezoea kuhesabu mshahara kwa mwezi hupewa sehemu ya mafao yake kwa mkupuo. Visiwani Zanzibar, tangu mwaka 2016, kila mzee aliyetimiza miaka 70 ana pensheni ya kila mwezi, iliyoanza kwa shilingi 20,000. Fedha hiyo ni ndogo, lakini humfanya bibi aende dukani kwa mkono wake badala ya kungoja wa mjukuu. Mnunuzi wa namna hiyo hatakosa watu wa kumbembeleza. Wakati wa kumfundisha kuuliza maswali ni kabla hajastaafu, na mahali pa kuanzia ni katika ofisi na vyumba vya walimu, ambako waliobakiza miaka mitano huketi pamoja na waliobakiza thelathini.

Basi jibu la swali ni hili. Ndiyo, wazee wanafaa kutangaziwa, na mfanyabiashara anayewapuuza kwa sababu ya hesabu iliyotungwa na shirika dhaifu katika miaka ya 1950 anajinyima mwenyewe. Watengenezewe vitu vinavyofaa: herufi zinazosomeka, vifuniko vinavyofunguka, viti vinavyomwinua mtu badala ya kummeza, na maelezo ya bima yasiyofichwa katika maandishi madogo. Waonyeshwe kama walivyo, watu waliofanya kazi na wenye akili zao. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ambaye ameishi miaka 60 amekwisha viona vyote viwili vikipita mlangoni pake, na si rahisi kumchanganyia.

Lakini isidhaniwe kwamba siku wenye matangazo watakapomgeukia mzee, haki yake itakuwa imepatikana. Yule mwalimu wa California hakuishi katika banda la kuku kwa sababu hakutangaziwa bidhaa. Aliishi humo kwa sababu jamii aliyoifundisha kusoma ilikuwa imeacha kumhesabu. Aliyemtoa katika hali hiyo alikuwa mwalimu mwenzake, aliyetoka nyumbani kwake siku moja akaenda kumtafuta.